Fomula ya mgao inaishia kwenye lango la makao makuu ya kaunti

Karani Mstaafu (mleta mada):

Wanajukwaa, kila mara Seneti ya Kenya inapokaa kuamua namna kaunti 47 zitakavyogawana fedha, hoja huwa ni zile zile. Anayetoka eneo lenye watu wengi hudai kwamba kodi yake inakwenda kumwagwa mchangani. Anayetoka kaskazini hujibu kwamba alisahauliwa tangu enzi za mkoloni. Na anayetoka Lamu hanyanyui hata mkono, kwa sababu hesabu humwendea vizuri zaidi akinyamaza. Nimeyafuatilia mabishano haya tangu mwaka 2013, sehemu kubwa ya muda huo nikiwa karani wa mapato katika kaunti ambayo sitaitaja. Nia yangu katika uzi huu ni kueleza kwa nini naamini kwamba tunagombania hatua ya pili ya safari yenye hatua tatu, ilhali ya kwanza huamuliwa kimyakimya na ya tatu Katiba haikuiwekea fomula yoyote.

Nianze na asili ya jambo lenyewe, kwa kuwa wengi wa vijana wetu hudhani ugatuzi uliletwa na wanasiasa waliotaka vyeo. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na serikali za majimbo, lakini kufikia mwisho wa mwaka 1964, chama cha KADU, kilichoyatetea majimbo, kilipojivunja na nchi kuwa jamhuri, majimbo hayo yalikuwa yamekwisha kung'olewa meno. Mwaka uliofuata serikali ilitoa Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, na ndani yake mna kifungu ambacho wasomi wa kaskazini wamekihifadhi kama dua: kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme na watu walio tayari kupokea maendeleo. Kwa lugha ya uchumi peke yake, huo haukuwa upuuzi. Nchi ilikuwa changa, fedha zilikuwa chache, na faida ilitarajiwa kusambazwa baadaye katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Baadaye hiyo ilichukua miaka 48. Kilichosahauliwa ni kwamba barabara na umeme vilivyotajwa kuwa sababu ya kuwekeza mahali fulani vilikuwa vyenyewe vimejengwa na serikali ya mkoloni kwa ajili ya walowezi, kwa hiyo aliyepewa aliongezewa, na asiyepewa akaambiwa kwamba eneo lake halizalishi.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuukata mnyororo huo kwa vifungu vitatu vinavyostahili kusomwa pamoja. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zote kwa jumla zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa. Kifungu cha 204 kinaunda Hazina ya Usawazishaji, yenye asilimia 0.5 ya mapato hayo, kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Kifungu cha 217 kinaipa Seneti mamlaka ya kuamua, kila baada ya miaka mitano, vigezo vya kugawa fungu la kaunti, baada ya kupokea mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato.

Hatua ya kwanza ya safari ni ile asilimia 15, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu. Asilimia hiyo haipigwi juu ya makusanyo ya mwaka huu. Hupigwa juu ya hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, nalo Bunge halina haraka. Katika mwaka wa fedha 2024/25, kaunti zilipewa shilingi bilioni 387.4, na kwa kuwa hesabu zilizoidhinishwa wakati huo zilikuwa za mwaka 2020/21, zenye takriban trilioni 1.57, Hazina Kuu ilikuwa na haki ya kusema kwamba imetoa karibu asilimia 25, mbali sana juu ya kiwango cha chini cha Katiba. Hata hivyo, katika mwaka huo huo wa 2024/25, Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilikusanya zaidi ya trilioni 2.5. Ukiweka mgao ule ule juu ya makusanyo ya mwaka ule ule, kwa kukadiria, unapata asilimia 15 na ushee mdogo. Hakuna aliyevunja sheria. Ni kuchelewa tu kwa mhuri ndiko kunakoifanya robo na moja ya saba kuwa kitu kimoja.

Hatua ya pili ndiyo inayotutoa jasho. Fomula ya kwanza, iliyoanza kutumika mwaka 2013, iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8 na uangalifu wa matumizi ya fedha 2. Ya pili ilibadilika kidogo sana. Ya tatu, iliyopitishwa Septemba 2020, ndiyo iliyokaribia kuivunja Seneti: vikao viliahirishwa mara kwa mara, kaulimbiu ya "mtu mmoja, shilingi moja", yaani fedha zifuate idadi ya watu, ikapigwa ngoma, na mwezi Agosti maseneta 3 waliokuwa wakipinga walikamatwa na polisi siku ambayo kura ilitarajiwa. Suluhu ilipatikana pale serikali ya kitaifa ilipokubali kuongeza bilioni 53.5 ili fungu lipande kutoka 316.5 hadi 370 na pasiwepo na kaunti itakayopoteza hata senti. Vigezo vikawa vinane: idadi ya watu 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8, miji 5, na mgao sawa 20.

Jambo ambalo halikutangazwa kwa sauti ile ile ni kwamba fedha zote hazikupitishwa kwenye fomula hiyo. Kila kaunti ilihakikishiwa kwanza nusu ya mgao wake wa mwaka 2019/20, jumla yake bilioni 158.25, na ni zile bilioni 211.75 zilizobaki tu ndizo zilizogawanywa kwa vigezo vipya. Waliopiga kelele kwa miezi mitatu walikuwa wakiligombea fungu ambalo karibu nusu yake lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe.

Hatua ya tatu nitaieleza nikishawasikia.

---

Mlipakodi wa Thika:

Mzee Karani, kwa heshima zote, umeandika vizuri lakini umeikwepa hesabu inayotuuma sisi tunaokaa Kiambu. Naomba niiweke mezani. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kiambu ina watu 2,417,735 na Turkana ina watu 926,976. Katika mwaka wa fedha 2021/22, wa kwanza chini ya fomula hiyo uliyoitaja, Kiambu ilitengewa takriban bilioni 11.7 na Turkana bilioni 12.6. Maana yake ni kwamba mkazi wa Kiambu alihesabiwa shilingi 4,850 hivi na wa Turkana 13,600. Lamu, yenye watu 143,920, ilipata bilioni 3.1, ambazo ni zaidi ya 21,500 kwa kila mtu.

Mimi sina chuki na mtu wa Turkana, wala sisemi aachwe. Ninachosema ni kwamba mama anayejifungulia katika hospitali ya umma huku kwetu analala wawili kitanda kimoja, na mtoto wake hana habari kwamba barabara ya lami ilijengwa mwaka 1965. Umaskini wa Kiambu umejificha katika vyumba vya kupanga vya mabati, na mtakwimu akija anaona wastani wa kaunti, anaona viwanda na mashamba ya kahawa, anaandika kwamba sisi ni matajiri. Aidha, kodi kubwa inatoka kwetu na Nairobi. Mtu akichangia zaidi na kupokea kidogo, si haki aulize?

---

Karani Mstaafu:

Ana haki ya kuuliza, ndugu yangu, na hesabu zako ni sahihi. Nitakujibu kwa kuanza na ulipomalizia.

Dai la kwamba kodi inatoka Nairobi na kaunti jirani linachanganya mahali kodi inapolipwa na mahali kodi inapoandikwa. Ushuru wa forodha unaokusanywa katika bandari ya Mombasa haulipwi na watu wa Mombasa. Unalipwa na yeyote anayenunua shati, tairi au bati lililopita Kilindini, awe Busia au Moyale. Mfugaji wa Lodwar anaponunua muda wa maongezi, ndani ya shilingi zake mna ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani, lakini kampuni ya simu ina makao yake Nairobi na huko ndiko risiti inakosomeka. Vivyo hivyo sukari, sabuni na sigara. Simaanishi kwamba Turkana inachangia sawa na Nairobi, la hasha. Mishahara mikubwa na faida za makampuni ziko jijini, na kodi ya mapato inafuata huko. Nasema tu kwamba ramani ya makusanyo si ramani ya walipaji.

Tukumbuke pia kwamba kodi zote nono, yaani ya mapato, ya ongezeko la thamani, ya forodha na ushuru wa bidhaa, Katiba imezikabidhi serikali ya kitaifa. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma kama maegesho, leseni za biashara na soko. Ada hizo zina maana penye mji. Penye vichaka hazina maana, na hili nalijua kwa mikono yangu.

Nilipoanza kazi, nilipangiwa kizuizi cha ushuru wa mazao, ule ambao wafanyabiashara wenyewe huuita sesi. Kizuizi chenyewe kilikuwa gogo lililofungwa kamba, kiti cha plastiki chenye mguu mmoja ulioungwa kwa waya, na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni iliyokwisha kufifia, hata nakala ya tatu ikawa haisomeki bila kuelekezwa juani. Msimu wa maembe lori zilipita usiku, na dereva aliyekwisha kulipa kwetu alijua kwamba kilomita chache mbele atakutana na gogo la kaunti nyingine litakalomtoza tena kwa maembe yale yale. Nje ya msimu tulibaki na akina mama wenye magunia mawili ya makaa au ndizi juu ya bodaboda. Tulikuwa makarani watatu, na gari lililokuja kuchukua fedha jioni lilitumia mafuta. Kuna wiki ambazo, tulipopiga hesabu ya mishahara yetu na mafuta yale, tulikuta tumemtoza yule mama ili tulipwe sisi kwa kumtoza. Hayo ndiyo mapato ya ndani ambayo wenzetu wa mjini husema kaunti maskini "zijitahidi kuyakusanya".

Bahati ya jiografia nayo ina mchango wake, pamoja na aliyeishika hati. Narok inasimamia hifadhi ya Maasai Mara na kwa hiyo malipo ya watalii huingia katika mfuko wake. Taita Taveta, ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, haina bahati hiyo kwa sababu mbuga hizo ni za kitaifa na mapato yake hukusanywa na Shirika la Huduma za Wanyamapori. Ndovu ni wale wale, mtalii ni yule yule, na anayekanyagiwa mahindi anaijua tofauti.

Kuhusu 13,600 na 4,850: fedha hizi hazikutolewa kama zawadi ya kila raia, ndiyo maana kuzigawa kwa vichwa kunapotosha. Zilitolewa kulipia kazi zilizohamishwa mwaka 2013, yaani zahanati na hospitali zisizo za rufaa za kitaifa, barabara za kaunti, maji, kilimo na elimu ya chekechea. Gharama ya kumfikishia mtu chanjo Turkana, kaunti yenye takriban kilomita za mraba 70,000, haifanani na ya kumfikishia mtu wa mji wa Kikuyu au Ruiru huko Kiambu. Lamu nayo inapendelewa na ule mgao sawa, kwa kuwa kaunti hata iwe ndogo namna gani lazima iwe na gavana, bunge, maofisa wa bajeti na magari yao. Kama ni kasoro, basi ni kasoro ya kuwa na kaunti 47, wala Mlamu hakuiandika.

Lakini nakiri jambo moja uliloligusa, nalo ni zito kuliko yote: mtakwimu huona wastani wa kaunti. Tutalirudia.

---

Muuguzi wa Bara:

Mzee Karani, nashukuru kwa uzi. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya kaunti kubwa, miongoni mwa zile ambazo mnatajiana kwamba zimependelewa. Naomba niwaeleze mapendeleo hayo yanavyoonekana kutoka dirishani mwangu.

Friji yetu ya chanjo inatumia gesi. Mtungi ukikaribia kwisha, naandika barua, naipeleka kwa msimamizi wa kaunti ndogo, naye huipeleka makao makuu, ambako ni mwendo wa saa sita wakati wa kiangazi. Hazina Kuu ikichelewesha mgao, jibu huwa ni kwamba kaunti haijapokea fedha. Hazina ikitoa mgao, jibu huwa ni kwamba zimeanza kulipwa mishahara na madeni ya wakandarasi. Mwaka juzi tulifika siku ambayo nilitia chanjo katika kasha la barafu, nikalishika mapajani juu ya bodaboda hadi kituo kinachofuata, nikaomba nafasi katika friji ya wenzangu kati ya chupa zao, kisha akina mama wa kijijini kwetu wakawa wanatembea huko kufuata chanjo ambayo ilikuwa yao. Wengine hawakwenda.

Fomula mliyoitaja ilikuwa na asilimia 17 ya afya. Mimi niliisikia redioni. Hakuna kanuni inayosema kwamba kati ya fedha zilizoletwa kwa sababu zahanati yangu ni mbovu, fungu fulani lazima liifikie zahanati yangu. Ubovu wetu ndio unaoiombea kaunti fedha, na fedha zikifika hupangwa upya kana kwamba hazikuwa na sababu. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria inayoviruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na fedha vinazokusanya vyenyewe badala ya kuzipeleka kwanza katika mfuko wa kaunti, na tuliifurahia. Ila zahanati ziliondolewa ada mwaka 2013, kwa hiyo aliyenufaika zaidi ni hospitali kubwa ya mjini, ambayo ina wagonjwa wanaolipa. Sheria njema iliyowapa walio nacho.

Ndugu wa Thika, sikatai kwamba mnalala wawili kitanda kimoja. Nakuhakikishia tu kwamba zile 13,600 sijazishika.

---

Msomaji wa Dodoma:

Wakuu, naomba kuchangia kutoka upande wa pili wa mpaka, kwa kuwa nawasoma kwa husuda na kwa faraja kwa wakati mmoja.

Sisi Tanzania tulizifuta serikali za mitaa mwaka 1972 kwa sera iliyoitwa madaraka mikoani, ambayo kwa vitendo ilimaanisha kwamba watumishi wa serikali kuu walihamia mikoani wakiwa na madaraka yao. Halmashauri zilirudishwa kwa Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Tangu hapo zimekuwa zikipewa vyanzo na kunyang'anywa. Kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliijua kama kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na kwa kweli hakuna aliyeililia kwa namna ilivyokusanywa, ila halmashauri za vijijini zilibaki hoi. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato katika mwaka wa fedha 2016/17, na tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, kiasi kwamba mpangaji anailipa kila mwezi bila kuijua halmashauri wala halmashauri kumjua.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki. Kwetu sehemu kubwa ya fedha zinazoteremka ni mishahara, na mishahara hufuata mtumishi. Mwalimu akikataa kwenda halmashauri ya pembezoni, au akienda akahama baada ya mwaka, mshahara wake unahama naye, kwa hiyo halmashauri yenye walimu wachache hupata fedha chache kwa sababu ile ile iliyoifanya ihitaji nyingi. Ninyi angalau mna fomula inayotazama umaskini na ardhi, mnayo Seneti ya kugombana, na mnayo tarakimu ambazo mtu wa Thika anaweza kuzitaja kwa kichwa. Mimi nikiulizwa wilaya yangu inapata kiasi gani kwa kila mtu ikilinganishwa na jirani, sijui pa kuanzia. Je, mzee Karani, huoni kwamba mnalalamikia chakula ambacho wengine hawajakionja?

---

Karani Mstaafu:

Dada muuguzi amenisaidia kuisema hatua ya tatu kuliko ambavyo ningeisema mimi, na ndugu wa Dodoma amenikumbusha kushukuru. Nashukuru. Kabla ya mwaka 2013 nasi tulikuwa gizani. Mgao wa maeneo uliamuliwa katika ofisi za Nairobi na mwenye jamaa huko ndiye aliyepata kisima. Kuwa na tarakimu za kugombania ni hatua kubwa, na singeibadilisha.

Lakini tazameni fomula inavyofanya kazi. Inaingia katika kila kaunti na kuuliza: maskini ni wangapi, ardhi ni kubwa kiasi gani, zahanati zimepungua wapi? Kwa majibu hayo hujumlisha tarakimu moja, na tarakimu hiyo huandikiwa hundi moja, inayoingia katika akaunti moja ya mfuko wa mapato wa kaunti. Hapo kijiji cha dada muuguzi, kilichochangia umaskini wake katika hesabu, hakijulikani tena. Tumegawa baina ya maeneo na kudhani tumegawa baina ya watu. Mtu maskini wa Kiambu anafichwa na wastani wa kaunti tajiri. Mtu maskini wa kaunti maskini anatumiwa kama ushahidi, kisha kesi ikishinda haambiwi.

Si kwamba Katiba haikuliona hilo. Kifungu cha 176(2) kinaitaka kila kaunti igatue kazi zake kwa kadiri inavyowezekana na inavyofaa. Kaunti nyingi zimejibu kwa kuweka maofisa wa wadi, na nyingine kwa kutunga sheria za fedha za maendeleo ya wadi, ambazo madiwani hupenda zigawanywe sawasawa kwa kila wadi. Kugawa sawasawa kuna utamu wake, kwani hakuna diwani anayerudi nyumbani na aibu. Ila wadi ya mjini yenye mtaa wa lami na mabomba inapewa sawa na wadi ambayo ng'ombe na mtoto wanakunywa bwawa moja, na wale wale waliokwenda Nairobi kupinga "mtu mmoja, shilingi moja" kwa kuwa haitazami mahitaji, wanarudi kwenye bunge lao la kaunti na kupitisha "wadi moja, fungu moja" bila kuona haya. Makueni imesifiwa, na inastahili, kwa kuwapa wananchi kamati za kusimamia miradi tangu ngazi ya kijiji. Lakini hayo yametegemea uongozi uliopo, na uongozi hupita.

Chombo kimoja cha kitaifa kinachojaribu kupita langoni ni ile Hazina ya Usawazishaji. Sera yake ya kwanza ilizitaja kaunti 14 kuwa ndizo zilizotengwa, kuanzia Turkana na Mandera hadi Kwale na Lamu, na kuziacha kaunti nyingine zote kana kwamba hazina kijiji kilichosahauliwa. Sera ya pili ilibadili macho: ilishuka hadi kata ndogo na kuorodhesha maeneo 1,424 katika kaunti 34. Hapo, kwa mara ya kwanza, mtu maskini aliyezungukwa na matajiri alionekana kwenye karatasi, na hilo linajibu nusu ya hoja ya ndugu wa Thika. Bahati mbaya hazina hiyo ni nusu ya asilimia moja tu ya mapato. Mwaka 2019 mahakama ilizibatilisha kanuni zilizoziachia wizara za kitaifa fedha zake bila kuzihusisha kaunti, na matumizi yake yakakwama. Na Katiba yenyewe inasema kifungu chake kinakoma miaka 20 baada ya kuanza, yaani Agosti 2030, isipokuwa Bunge lirefushe. Simwoni seneta anayeikumbuka tarehe hiyo.

Mtaniuliza napendekeza nini. Napendekeza jambo dogo la kikarani, kwa sababu ndilo ninaloliweza. Kabla ya kubadili fomula yoyote, kila kaunti ilazimishwe kuchapisha jedwali moja kila mwaka, linaloonyesha kila wadi ilipokea kiasi gani cha maendeleo, cha dawa na cha mishahara, kando yake idadi ya watu na kiwango cha umaskini cha wadi hiyo, na kwamba Tume ya Ugavi wa Mapato isipokee hoja ya umaskini kutoka kwa kaunti isiyoonyesha jedwali hilo. Hakuna fedha mpya zinazohitajika. Takwimu zipo, mimi mwenyewe nilikuwa nikiziandika.

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha wananchi cha kujadili makadirio ya bajeti katika kaunti ninakoishi. Tuligawiwa soda na kitabu cha kurasa zaidi ya mia mbili, kimoja kwa watu kumi. Niliomba jedwali la wadi. Ofisa kijana, mwenye adabu sana, alinifunulia ukurasa wa miradi ya maji na kuniambia kwamba kila kitu kimo humo. Nilipitisha kidole kwenye safu ya mwisho, ile iliyoandikwa "mahali pa mradi", kuanzia juu hadi chini. Mitatu ilikuwa ya mjini, imetajwa kwa mtaa na kwa jina la barabara. Iliyobaki yote, pamoja na ile yenye fedha nyingi kuliko mingine, ilikuwa imeandikiwa maneno mawili: maeneo mbalimbali.